Vanila ya Réunion: namna ya kuitambua iliyo njema

Anayekwenda Réunion kwa likizo akarudi bila kujua vanila njema ikoje amepoteza nusu ya safari yake. Kisiwa hiki cha Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagascar, kimekuwa mkoa kamili wa Ufaransa tangu 1946, na hutangazwa kwa volkano, milima, na fukwe za magharibi zilizokingwa na matumbawe. Wageni wengi hupanga safari kwa picha hizo. Hufikia Saint-Gilles, huogelea, hupanda kwenda kuitazama Piton de la Fournaise, na siku ya kuondoka hununua kichupa cha vanila uwanja wa ndege kwa kuangalia bei na uzuri wa utepe. Mimi nashauri mpango uanze na vanila. Ukiifuata kazi hii utafika upande wa mashariki, wenye mvua na kijani kibichi, utaingia mashambani na kwenye mabanda ya kukaushia, na utajifunza kupima kitu ambacho hakuna duka litakalokufundisha.

Kila anayepikia vanila, popote duniani, ana deni kwa kisiwa hiki. Mmea asili yake ni Mexico, ambako watu wa kabila la Totonac, katika eneo la Veracruz, waliujua zamani sana. Réunion, iliyokuwa ikiitwa Bourbon, iliupokea kuanzia 1819. Marando yalitambaa, maua yakachanua, lakini hayakuzaa, kwa sababu wadudu wanaoyachavusha kwao Mexico hawakuja nayo. Mwaka 1836 mtaalamu wa mimea Charles Morren alifaulu kuchavusha ua la vanila kwa mkono huko Liège, Ubelgiji, ila njia yake haikuwa ya kutumika shambani. Iliyotumika ilipatikana Sainte-Suzanne mwaka 1841, na aliyeigundua alikuwa mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond, katika shamba la Ferréol Bellier-Beaumont. Utumwa ulipofutwa kisiwani mwaka 1848 aliachwa huru, akapewa jina la ukoo la Albius. Alikufa maskini mwaka 1880, mji ule ule. Wengine walitajirika kwa kazi ya vidole vyake, na yeye hakupata fungu. Ukipita Sainte-Suzanne, usipite bila kumkumbuka.

Alichokifanya Edmond bado kinafanywa vilevile. Ndani ya ua la vanila kuna kiwambo chembamba kinachoitenga chavua na sehemu ya kike inayoipokea. Mchavushaji hulishika ua kwa mkono mmoja, hulipasua upande kwa kijiti chembamba cha mwanzi au mwiba wa mlimau, hukiinua kile kiwambo, kisha kwa kidole gumba hukibonyeza kifuko cha chavua hadi kigusane na upande wa pili. Imekwisha. Kazi hii kwa desturi ni ya wanawake, na kwa Kifaransa wanaitwa marieuses, waozeshaji. Aliyezoea huhudumia zaidi ya maua elfu moja kwa asubuhi moja, na lazima iwe asubuhi, kwa kuwa ua hufunguka alfajiri na ikifika alasiri limekwisha kunyauka. Lisiloguswa siku hiyo huanguka.

Hapo ndipo kalenda ya likizo yako inapoanzia. Maua hutoka kuanzia Septemba na hushamiri Oktoba hadi Desemba. Tunda hukaa juu ya mmea miezi tisa, kwa hiyo mavuno huangukia kati ya Juni na Septemba, na ukaushaji huendelea miezi mingi baada ya hapo. Anayetaka kuwaona waozeshaji aende Novemba, na akubali kuamka mapema. Anayetaka kuona ukaushaji wenyewe, kwa maji ya moto, mablanketi na maganda yaliyoanikwa juani, aende Agosti. Kwangu mimi mwezi bora ni Septemba. Mavuno ya mwisho bado yanachovywa, vichanja vimejaa, maua ya kwanza yanaanza kuonekana, mvua ni chache na jua si kali. Januari hadi Machi iepuke, maana ni msimu wa vimbunga, na upande wa mashariki ndio unaolowa zaidi. Kisiwa hiki kinashikilia rekodi za dunia za mvua: mahali paitwapo Foc-Foc, kwenye mwinuko wa volkano, palinyesha milimita 1,825 kwa saa 24 mnamo Januari 1966. Julai, Agosti na mwisho wa Desemba hujaa familia kutoka Ufaransa, na bei za vyumba na magari ya kukodi hupanda.

Mambo ya karatasi nitayasema kwa ufupi. Réunion ni Ufaransa lakini haimo katika eneo la Schengen. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji visa inayoitaja Réunion, na ile ya Schengen peke yake haimfikishi. Fedha ni euro. Saa iko mbele ya Afrika Mashariki kwa moja tu. Wengi wanaotoka kwetu hupitia Mauritius, na kutoka hapo ndege haikai angani hata saa nzima. Lugha ni Kifaransa na Krioli ya kisiwani, kwa hiyo msomaji wa Bukavu au Bujumbura atajisikia nyumbani kuliko sisi wa pwani. Usiende bila gari, hasa mashariki, kwa sababu mabasi yapo lakini shamba halimngojei anayefika saa nne.

Sasa tuingie kazini. Njia ya vanila inaanzia Sainte-Suzanne, inapita Saint-André na Bras-Panon, inateremka Sainte-Rose, inakatiza mawe meusi ya volkano iliyomwagika hadi baharini, na kuishia misitu ya Saint-Philippe kusini. Bras-Panon pana ushirika wa Pro-Vanille, ambao hupokea wageni na kuwaonyesha hatua za ukaushaji. Sainte-Suzanne pana La Vanilleraie, katika shamba la kale la Grand Hazier. Anza na sehemu kama hizi ili ujifunze, kisha nenda kwa mkulima mdogo.

Shambani, angalia kwanza mmea umetambalia nini. Utaona majina tunayoyajua: mvinje, mbono, na huko Saint-Philippe mkadi. Vanila inataka kivuli chepesi, na juani hasa majani yake hugeuka manjano. Kisha tazama vichala. Kila kimoja huweza kutoa maua kumi na matano au zaidi, na mwenye tamaa huyachavusha yote. Mkulima mzuri huacha machache na mengine huyaachilia yaanguke, kwa sababu mmea uliobebeshwa kupita kiasi hutoa matunda membamba na mwaka unaofuata huchoka. Ukiona kichala kimesongamana kama mkungu wa ndizi, mahali hapo wanatafuta kilo. Ukiona matunda manane manene yaliyonyooka, baki uulize maswali.

Swali la kwanza ni hili: mlivuna lini? Tunda la vanila hukamilisha urefu wake mapema, wiki sita hadi nane tu baada ya kuchavushwa. Kwa hiyo urefu, ambao ndio unaopangiwa bei sokoni, hauthibitishi kwamba limekomaa. Harufu hujengeka ndani miezi ya mwisho, wakati kwa macho hakuna kinachobadilika. Dalili ya kweli ya ukomavu ni ncha ya chini kugeuka manjano, na baada ya siku chache tunda huanza kupasuka hapo. Mkulima huvuna katikati ya dalili hizo mbili, na kwa kuwa matunda ya kichala kimoja hayakomai pamoja, hulazimika kurudi kwenye mmea ule ule mara nyingi. Anayevuna shamba zima siku moja amechanganya mabichi na makomavu, na ufundi wowote wa baadaye hautaokoa yaliyo mabichi.

Kinachowafanya watu wavune mapema ni wizi. Bei ikipanda, kama ilivyopanda hadi dola mia kadhaa kwa kilo miaka ya 2017 na 2018, mkulima huona heri avune kibichi kuliko aamke akute shamba tupu. Madagascar, inayotoa sehemu kubwa ya vanila ya dunia, imeteseka sana kwa hilo. Uganda nayo iliteseka hadi serikali ikaanza kutangaza tarehe za kuvuna. Ndiyo sababu baadhi ya wakulima wa Réunion na Madagascar hulitoboa tunda likiwa bichi kwa pini zilizochomekwa kwenye kizibo, wakaandika alama yao. Kovu hubaki hata baada ya kukauka. Ukikuta vidoti vidogo vimepangika kwenye ganda lako, usiliogope. Ni sahihi ya mwenye shamba.

Tunda bichi halinukii. Harufu imefungwa ndani, na ukaushaji ndio unaoifungulia. Saint-André ndipo njia ya kuchovya katika maji ya moto ilipokamilishwa na Ernest Loupy, miaka kumi hivi baada ya ugunduzi wa Edmond. Matunda huwekwa kwenye kikapu na kuzamishwa kwa muda wa dakika tatu katika maji ya nyuzi 63 hadi 65. Yakizidi moto, vimeng'enya vinavyotoa harufu hufa. Yakipungua, tunda huendelea kuishi na kupasuka. Matunda yakitolewa hufungwa yangali moto katika blanketi za sufu, ndani ya sanduku, siku moja hadi mbili. Yanaingia ya kijani na kutoka rangi ya chokoleti. Ukibahatika kuwepo sanduku linapofunguliwa, inama unuse. Harufu utakayoikuta bado si vanila kamili, ni kitu kati ya zabibu kavu na mboga zilizochemshwa, na inakuonyesha kazi imebaki kiasi gani.

Baadaye huja jua la saa chache kila siku, kisha vichanja vya kivulini kwa miezi miwili au mitatu, kisha masanduku ya mbao yaliyotandikwa karatasi maalumu, ambamo vanila hutulia na kuiva harufu. Nyumba nzuri za Réunion huiacha humo miezi minane na zaidi. Kila baada ya siku kadhaa kuna mtu, mara nyingi mama aliyezeeka katika kazi hiyo, anayeyapitisha maganda puani moja moja. Moja likianza ukungu hutolewa upesi, kwani likiachwa litaharibu sanduku zima. Kwa hesabu ya kawaida kilo tano au sita za mabichi hutoa kilo moja tu iliyo tayari. Bei kubwa inatokana na mikono hiyo na muda huo, na kila njia ya mkato inalenga kupunguza kimojawapo.

Tuseme sasa umeshika ganda lenyewe. Litazame kwenye mwanga. Rangi iwe kahawia iliyokolea hadi nyeusi, moja kutoka kwenye kikonyo hadi nchani. Mabaka mekundu au ya manjano yanasema lilivunwa changa au liliungua. Ngozi iwe na mikunjo ya urefu na ing'ae kidogo, kama iliyopakwa mafuta jana. Kikonyo kiwe kimepinda na kizima.

Kisha lizungushe kwenye kidole cha shahada. Njema hujiviringa bila kupasuka na ukiiachia hujinyoosha polepole. Ikivunjika au kutoa mlio, imekauka kupita kiasi. Ikibaki pale ilipopindwa, laini na baridi, ina maji mengi na itaota ukungu kabla ya miezi miwili. Ipitishe kati ya kidole gumba na cha pili kwa kubonyeza kidogo, toka juu kwenda chini. Unatakiwa usikie mbegu ndani, nyingi, zikiteleza kwa ulaini, na vidole vibaki na unyevu wa mafuta usio na majimaji. Ganda lisilo na kitu ndani hujulikana mara moja, kwa kuwa ngozi mbili hugusana.

Pua ndiyo hakimu wa mwisho. Usinuse kichupa kipya kilichofunguliwa sasa hivi, maana harufu iliyojikusanya ndani inadanganya. Liache ganda nje dakika kadhaa, kisha linuse katikati na si nchani. Vanila njema ya Réunion ina kakao, zabibu kavu, tini, kidogo ngozi na tumbaku tamu, na harufu hizo huja kwa zamu. Ikinuka majani makavu, ilivunwa changa. Ikiwa na ukali wa kuchacha, ilikawizwa kwenye blanketi au ilikosa jua. Harufu ya moshi maana yake ni kwamba ilikaushwa kwa moto. Na ikikurukia puani kwa utamu mmoja mkali kama peremende, bila kingine nyuma yake, shuku kwamba ni ganda lililokwisha kukamuliwa kisha likachovywa katika vanilini ya kiwandani, ambayo wakemia wa Ujerumani walianza kuitengeneza mwaka 1874.

Kuna jambo moja linalowapoteza wengi. Baadhi ya maganda yaliyokaa muda mrefu huota vitu vyeupe juu yake, na mgeni hurudisha kichupa akidai kimeharibika. Chukua miwani au kioo cha kukuzia. Ukiona sindano ndogo zinazong'aa, zinazomeremeta ukigeuza ganda kwenye mwanga, hiyo ni vanilini yenyewe imetoka ndani na kuganda. Wafaransa huiita vanila yenye barafu, na ni dalili ya ubora mkubwa. Ukungu ni mwingine: ni mweupe au wa kijivu, umefifia, una nyuzi kama pamba, hukaa zaidi karibu na kikonyo, na hunuka chumba kilichofungwa. Ukizisugua sindano kwa kidole, harufu yake hubaki mkononi. Ukungu hupakaa.

Soko la Saint-Paul, linalofanyika ufukoni Ijumaa na Jumamosi asubuhi, ni zuri kulitembelea, na hapo hakuna kosa kuuliza bei na kuondoka. Ila ujue kwamba vanila nyingi inayouzwa kwa watalii kisiwani hutoka Madagascar. Si mbaya kwa kuwa ya Madagascar, kwani huko kuna mafundi wakubwa. Ubaya ni kulipa bei ya Réunion kwa kitu kingine. Neno Bourbon kwenye kichupa halikulindi. Tangu miaka ya 1960 linatumika kwa vanila ya Madagascar na Komoro pia, si ya Réunion peke yake. Tafuta maandishi yanayosema vanila ya kisiwa cha La Réunion pamoja na alama ya Ulaya ya asili ya mahali, ambayo vanila hii iliipata mwaka 2021. Na kwa mkulima mdogo asiye na alama, tumia maswali. Nani alichavusha? Ilivunwa mwezi gani? Imekaa sandukuni muda gani? Mwenye kazi yake hujibu kwa furaha na mara nyingi hukuongezea maelezo. Anayebadilisha mada mshukuru uende zako. Mifuko iliyonyonywa hewa iache pia. Ndani yake ganda bichi linaweza kuonekana zuri wiki nyingi, likaharibika siku unapolifungua nyumbani.

Kuhusu urefu, ushauri wangu unapingana na maonyesho ya dukani. Maganda ya sentimita 18 na zaidi hufungwa kwa ukili, huwekwa mbele na kuuzwa ghali. Ni mazuri kwa zawadi. Kwa jikoni nunua ya 14 hadi 16, na ukipata yaliyopasuka nchani yanunue bila kusita. Yamepasuka kwa sababu yaliachwa yakomae hadi mwisho, yananukia kuliko mengine, na bei yake iko chini kwa sababu ya sura tu. Unga mweusi wa vanila na sukari yenye vidoti vyeusi usivichukue, kwani mbegu zilizokamuliwa huwa bado nyeusi. Marando mabichi nayo yaache huko huko. Yanaweza kuwa na magonjwa ya mizizi, na kuvusha mimea hai bila kibali ni kosa.

Kabla ya kununua nyingi, nunua ganda moja siku za mwanzo za safari ulijaribu. Lipasue kwa urefu, likwangue mbegu, uzitie pamoja na ganda katika kikombe cha maziwa ya moto yasiyochemka, ufunike dakika ishirini. Ukiwa umezoea arki ya chupa utashangaa mwanzoni, kwa kuwa ladha haikimbilii mbele. Inafika ukishameza, na inakaa. Iliyo dhaifu ladha yake ni kama maziwa matupu yasiyo na sukari, na ukiisha kumeza hakuna kitu. Kisiwani kwenyewe hupika bata kwa vanila, jambo linalomshangaza mtu wa kwetu hadi aonje. Nyumbani, tui la nazi la kwanza lililolowekwa ganda usiku mzima, kisha likatiwa katika mkate wa sinia, linatosha kumaliza ubishi wote kuhusu gharama.

Ukirudi, yaweke maganda katika kichupa kirefu cha kioo chenye kifuniko cha kubana, kabatini penye giza. Jokofuni ni hapana, maana hukauka au kuota ukungu. Kifungue kichupa mara moja kwa mwezi uyanuse maganda na kuyageuza. Likikauka moja, lirudishie ulaini kwa maziwa ya uvuguvugu siku ya kulipikia. Yakitunzwa hivyo hukaa miaka.

Kwa hiyo kata tiketi ya Septemba, fikia Bras-Panon au Saint-André siku tatu za kwanza kabla ya kuhamia ufukoni, na usinunue zaidi ya maganda kumi. Kumi yaliyokaa sandukuni miezi minane yatakutosha jikoni mwaka mzima.